Kulinganisha mazabodi kwa haki: namna ya kuandaa majaribio yasiyodanganya

Maalim wa skuli moja ya huku Unguja alikuja dukani na karatasi mbili za bei. Skuli ilitaka kuunganishiwa kompyuta za chumba cha mafunzo, na wauzaji wawili walikuwa wamempendekezea mazabodi (bodi kuu za kompyuta) mbili tofauti, moja bei yake karibu mara mbili ya mwenzake. Swali lake lilikuwa fupi: "Fundi, hii ya ghali ina kasi zaidi kweli, au nalipia rangi?"

Nikampimia siku ile ile. Bodi ya rahisi asubuhi, ya ghali baada ya adhuhuri, kila moja mara moja tu. Ya ghali ikashindwa, nikampigia simu nikamwambia achukue ya rahisi. Usiku roho haikutulia. Nikafungua BIOS za bodi zote mbili, yaani programu ya mipangilio iliyo ndani ya bodi, na kuzipitia ukurasa kwa ukurasa, nikakuta ile ya rahisi inaiachia prosesa ichukue umeme bila kikomo, na ile ya ghali inafuata kikomo cha Intel. Nilichokuwa nimekipima ni mpangilio mmoja wa BIOS na jua la saa nane mchana. Asubuhi nilimpigia tena kumwomba radhi. Utaratibu ulio hapa chini ndio ninaoufuata tangu siku hiyo.

Hatua ya 1: Amua unauliza nini

Ukichomeka prosesa ile ile, ramu zile zile na mipangilio ile ile, mazabodi mbili zilizo nzima zitakupa kasi zinazokaribiana sana. Hesabu hufanywa na prosesa. Kazi ya bodi ni kuilisha umeme ulio sawa, kuiunganisha na ramu, diski na kadi, kisha kutoizuia. Kwa hiyo ukiona bodi moja imeizidi nyingine kwa asilimia 10 kwenye kazi ya hesabu tupu, usitangaze mshindi. Anza kutafuta ni kitu gani kilikuwa tofauti.

Maswali ya haki yapo mawili, na kila moja lina majibu yake. La kwanza: mtu asiyegusa BIOS maishani mwake atapata nini akiiwasha bodi kama ilivyotoka kiwandani? La pili: bodi zikiwekwa kwenye mipangilio sawa, zinapishana wapi? Mimi hupima yote mawili, na kwenye daftari nayaita mzunguko wa kiwandani na mzunguko wa usawa. Kwa skuli au ofisi, mzunguko wa kiwandani ndio wenye uzito, maana nikishaondoka hakuna atakayeingia BIOS. Kwa kijana anayejiundia kompyuta ya kuhariri video, wa usawa unamfaa zaidi. Kosa ni kuchanganya: bodi moja ukaisawazisha, nyingine ukaiacha kama ilivyokuja.

Hatua ya 2: Vifaa viwe vile vile

Vya aina moja havitoshi. Prosesa mbili zenye jina moja zinaweza kutofautiana kwa volti zinazohitaji na kwa joto zinalotoa. Chukua prosesa moja uihamishe kutoka bodi hadi bodi. Fanya hivyo kwa ramu, pawa saplai, SSD na feni ya prosesa. Kitakachobadilika mezani kiwe bodi peke yake.

Kuhamisha prosesa kunataka mkono uliotulia. Soketi ya LGA1700 ina pini zake kwenye bodi, nyembamba mno, na msimu wa Kaskazi jasho hudondoka bila kukuarifu. Funga kitambaa kwenye paji la uso, kausha vidole, na kifuniko cha plastiki kirudi juu ya soketi mara tu prosesa inapotoka. Kwa AM4 mambo yamegeuka: pini ziko kwenye prosesa, na pesti ya kupitishia joto ikipoa ikakaza, hitisinki (chuma cha kupozea prosesa) inaweza kuing'oa prosesa kutoka kwenye soketi iliyofungwa, pini zikapinda. Kwanza iendeshe kompyuta dakika kumi ipate joto. Zima, chomoa waya wa umeme, legeza klipu, kisha izungushe hitisinki kidogo kushoto, kidogo kulia, mpaka uisikie pesti inaachia. Hapo ndipo uinue.

Futa pesti ya zamani kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, upake mpya kadiri ya punje moja ya mbaazi, kiasi kile kile kila mara. Skrubu zikazwe kwa kupishana pembe, usimalize upande mmoja kwanza.

Kuna jambo moja hapa ambalo wengi hulipita. Feni ya boksi, ile inayokuja pamoja na prosesa na kukaa bapa juu yake, hupuliza chini, kwa hiyo hupoza pia ile sehemu ya bodi inayobadilisha umeme wa volti 12 kuwa volti ndogo za prosesa. Mafundi huiita VRM. Hitisinki ndefu ya mnara hupuliza kwa ubavu na VRM haipati kitu. Kama mteja atatumia feni ya boksi, pima kwa feni ya boksi.

Hatua ya 3: Chumba na umeme

Katika Kaskazi, duka langu likiwa wazi, asubuhi naweza kuanza na nyuzi 27 na mchana nikawa kwenye 33. Hewa inayoingia kwenye feni ikipanda nyuzi moja, prosesa na VRM nazo hupanda karibu nyuzi moja. Bodi ya mchana imeanza mashindano ikiwa nyuma kwa nyuzi sita. Kama una kiyoyozi, kiwashe saa nzima kabla na usikiguse tena. Kama huna, weka kipimajoto mahali feni inapovuta hewa, mbali na inapotolea, na uandike kila jaribio limeanza kwenye nyuzi ngapi. Kwenye meza ya matokeo, joto la sehemu andika ukiwa umeshaondoa joto la hewa: VRM nyuzi 85 ndani ya chumba cha 31 ni "54 juu ya hewa". Namba hiyo unaweza kuilinganisha na ya mtu aliyepima Wete mwezi wa Julai, Kusi ikivuma.

Bodi ilazwe juu ya ubao mkavu au boksi lake la karatasi, isiwe juu ya mfuko wa kung'aa iliokuja nao, maana upande wa nje wa mfuko ule unaweza kupitisha umeme. Feni ya mezani igeuziwe ukutani. Upepo wake ukiifikia bodi moja na usiifikie nyingine, umeshaharibu kipimo cha VRM.

Kuhusu umeme: wetu wa Unguja unatoka Bara kwa kebo ya chini ya bahari inayotua Fumba, na aliyeishi hapa mwisho wa 2009 hadi mwanzo wa 2010, ile miezi mitatu ya kiza, hahitaji kufundishwa thamani ya UPS. Volti zikishuka kidogo hazipunguzi kasi ya kompyuta. Pawa saplai nyingi za sasa hupokea volti zozote kati ya 100 na 240, na zinazoilisha bodi hazibadiliki. Hatari iko kwenye kukatika. Bodi ikizimwa ghafla, nyingine huwaka tena ikiwa imeirudisha ramu kwenye kasi yake ya msingi bila kukuambia chochote, nawe unaendelea kupima kitu kingine kabisa. Tumia UPS, na kila umeme unapokatika rudi BIOS uhakikishe kabla ya kuendelea.

Hatua ya 4: BIOS, mahali udanganyifu mwingi unapokaa

Andika toleo la BIOS la kila bodi. Kama toleo jipya lipo, pakua na usasishe bodi zote mbili, ukiwa kwenye UPS. Toleo hubadilisha matokeo. Mwaka 2024, baada ya matatizo ya prosesa za kizazi cha 13 na cha 14, Intel iliwataka watengenezaji wa bodi waweke mipangilio yake ya msingi kama ndiyo ya kuanzia, na BIOS zilizofuata zikaja na mabadiliko hayo. Bodi ile ile kabla na baada ya kusasishwa inaweza kukupa namba mbili.

Chukua mfano wa Core i5-12400, prosesa niliyoiunganisha mara nyingi. Intel imeiandikia wati 65 za kazi ya kudumu na wati 117 za kukimbia kwa muda mfupi. Kwenye BIOS utaziona kama PL1 na PL2, na kando yake muda wa kukimbia, mara nyingi sekunde 28. Bodi moja hufuata. Nyingine hujaza namba kama 4096, maana yake hakuna kikomo. Jaribio la sekunde ishirini halitakuonyesha tofauti yoyote. La dakika kumi litakuonyesha: bodi isiyo na kikomo inabaki MHz 4,000 kwa viini vyote, mwenzake inashuka sekunde 28 za mwanzo zikishapita. Kwenye mzunguko wa kiwandani hilo ni tokeo halali, liandike. Kwenye mzunguko wa usawa, jaza namba zile zile kwa mkono kwenye bodi zote.

Mengine ya kusawazisha:

- Ramu. Washa XMP (mpangilio unaoipa ramu kasi iliyoandikwa kwenye jina lake) kwenye zote au zima kwenye zote. Ramu ya DDR4 yenye jina la 3200 mara nyingi huwaka kwenye kasi ya chini mpaka uambie BIOS. Ramu mbili zikae nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, kama bodi ina nafasi nne. Ukizibandika pamoja upande mmoja, njia moja tu ndiyo itakayofanya kazi.
- Mwendo wa msingi wa bodi (BCLK). Uwe MHz 100 kamili. Kuna bodi zinazouongeza kidogo kimyakimya, na kidogo hicho huongezeka kwa kila kitu kinachohesabiwa kutokana nacho.
- Viongeza kasi vya mtengenezaji. Kwa AMD ni PBO; kwa Intel kila kampuni ina jina lake. Vizimwe vyote.
- Feni. Weka mwendo mmoja usiobadilika, ili bodi yenye feni ya kelele isije ikaonekana baridi bure.

Ukimaliza, piga picha kila ukurasa wa BIOS kwa simu. Picha hizo zitakuokoa wiki mbili baadaye, mtu atakapokuuliza na kumbukumbu imeshafifia. Hata baada ya kusawazisha, zile nyakati ndogo ndogo za ramu ambazo bodi hujichagulia zenyewe zinaweza kutofautiana. Fungua HWiNFO, programu ya kusomea hali ya vifaa, na uzinukuu.

Hatua ya 5: Windows safi kwa kila bodi

Usiihamishe SSD yenye Windows ya bodi A ukaichomeka kwenye bodi B. Itawaka, ndiyo, lakini imebeba draiva za mwenyewe wa kwanza. Futa, sakinisha upya kutoka flashi ile ile, weka draiva za bodi husika, sasisha, kisha kata intaneti. Mimi hupakua kila kitu kabla na kukiweka kwenye flashi, kwa sababu bando likiisha katikati, bodi moja inabaki na masasisho ambayo nyingine haina.

Bodi nyingine, ukiwasha Windows kwa mara ya kwanza, hukuletea dirisha la kusakinisha programu zake. Kwenye mzunguko wa usawa kataa. Mpango wa umeme uwe mmoja, kinga ya virusi iwe katika hali moja, na uangalie kitu kinachoitwa Memory Integrity kwenye ukurasa wa usalama wa Windows: kikiwa kimewashwa upande mmoja na kuzimwa mwingine, matokeo yatapishana na bodi haina hatia. Ukishawasha kompyuta, iache dakika kumi na tano bila kuigusa. Windows mpya ina kazi zake za nyuma za kumaliza.

Hatua ya 6: Kuendesha majaribio

Chagua machache yanayofanana na kazi ya mteja. Kwangu ni Cinebench kwa hesabu ya muda mrefu, 7-Zip kwa sababu inaitegemea sana ramu, CrystalDiskMark kwa SSD, na iperf3 kwa mtandao kati ya kompyuta mbili kwa waya. Kwa studio ya sauti naongeza LatencyMon, maana kukwamakwama kwa sauti mara nyingi hutokana na draiva za bodi.

Jaribio la kwanza ni la kupasha moto, tupa matokeo yake. Kisha endesha mara tano. HWiNFO iwe inaandika kila sekunde mbili: mwendo wa prosesa, wati, joto la prosesa, joto la VRM kama bodi ina kihisi chake. Faili hilo ndilo ushahidi. Namba ya mwisho peke yake haikuambii bodi ilifikaje pale.

Sasa mpangilio wa zamu, jambo ninalolisisitiza kwa kila mwanafunzi anayepita dukani kwangu. Usipime A asubuhi na B mchana. Pima A, B, B, A. Tuseme A saa mbili asubuhi, B saa tatu na nusu, B tena saa tano, A tena saa sita na nusu. Joto la siku likipanda taratibu, A imepata saa ya baridi kuliko zote na ya moto kuliko zote, B imepata mbili za katikati, na wastani wao unakuwa mmoja. Kati ya B na B hubadilishi bodi, lakini ing'oe hitisinki, futa pesti na upake upya. Namna pesti ilivyokaa nayo ni bahati, na bahati hiyo unataka uione imejirudia mara ngapi. Ni kazi ya siku nzima, najua. Ukikosa nafasi, fanya angalau A, B, A: kama A mbili zenyewe zimepishana kuliko zinavyopishana na B, huna jibu bado.

Mwisho weka mzigo wa nusu saa kwa Prime95, uitazame VRM. Hapa ndipo bodi dhaifu hujitaja. Dakika tano za kwanza zote ziko sawa. Kama bodi haimudu, baadaye utaona kwenye faili mwendo unashuka ghafla, unarudi, unashuka tena, huku joto la prosesa lenyewe liko chini. Prosesa ikiwa baridi na bado inapunguza mwendo, na wati hazijagusa kikomo, mshukiwa wa kwanza ni VRM iliyopata moto.

Hatua ya 7: Kusoma namba

Panga matokeo matano kutoka dogo hadi kubwa, chukua la katikati, na uandike pengo kati ya dogo na kubwa. Tuseme bodi A imetoa 12,280, 12,290, 12,305, 12,310 na 12,345. Bodi B imetoa 12,260, 12,270, 12,295, 12,330 na 12,350. Katikati ya A ni 12,305, ya B ni 12,295. Zimepishana kwa pointi 10, wakati A yenyewe kwa yenyewe imepishana kwa 65 na B kwa 90. Hizo ni sare. Usimwambie mtu kwamba A imeshinda, hata kama ndiyo unayoiuza.

Pengo likizidi asilimia mbili au tatu kwenye mzunguko wa usawa, mimi huyakataa matokeo mpaka nijue sababu. Fungua faili za HWiNFO uziweke kando kwa kando. Mwendo umetofautiana? Rudi kwenye vikomo vya umeme. Mwendo ni mmoja lakini 7-Zip imepishana? Tazama ramu, njia moja au mbili, na zile nyakati zake. Kila kitu ni kimoja na bado zinapishana? Angalia ni programu gani inakula prosesa nyuma ya pazia.

Hatua ya 8: Penye tofauti ya kweli

Tofauti za kweli kati ya mazabodi nyingi ziko nje ya kasi ya prosesa. Bodi za chipseti (chipu ya bodi inayounganisha vifaa vingine na prosesa) ya H610, kwa mfano, hazina njia ya SSD inayotoka moja kwa moja kwenye prosesa. SSD ya M.2 hupitia chipseti kwa njia za data za PCIe 3.0, ambayo kwa njia nne haiwezi kuvuka takriban GB 3.9 kwa sekunde. Bodi ya chipseti ya B660 inaweza kutoa njia nne za PCIe 4.0 kutoka kwenye prosesa, karibu mara mbili. Kwa hiyo kwenye jaribio la SSD andika pia imechomekwa nafasi ipi, na kama unataka kuilinganisha SSD yenyewe, hakikisha nafasi zinalingana. H610 pia ina nafasi mbili tu za ramu. Skuli itakayotaka kuongeza ramu mwakani italazimika kuziondoa za zamani, na jambo hilo Cinebench haitakuonyesha kamwe.

Mtandao wa gigabiti kwenye iperf3 unapaswa kukaribia Mbps 940. Bodi ikikwama chini sana ya hapo, badilisha waya kwanza, kisha draiva, ndipo uilaumu bodi.

Kama kompyuta itakaa karibu na bahari, ikague bodi kwa macho chini ya taa: soketi za nyuma zimefunikwa au ziko wazi, mabati yake ni mazito au kama karatasi. Hewa ya chumvi haina programu ya kuipimia, lakini bodi nyingi zinazorudi dukani kwangu kutoka majengo ya ufukweni zina kijani kwenye miguu ya chuma.

Karatasi ya mteja

Namkabidhi mteja ukurasa mmoja. Juu kuna jina la kila bodi na toleo la BIOS, prosesa, ramu na kasi yake, feni, nyuzi za chumba, tarehe. Katikati kuna meza mbili, ya kiwandani na ya usawa, kila mstari na namba ya katikati na pengo lake. Chini yake, sentensi mbili tatu za maoni yangu, zilizotengwa na namba ili ajue kipi nimekipima na kipi nakidhani.

Ya yule maalim, nilipoirudia kwa A, B, B, A, ilionyesha sare kwenye kila kitu isipokuwa SSD na nafasi za ramu. Nikamwandikia: "Kwa kazi za wanafunzi, hii ya rahisi inatosha, mradi vikomo vya umeme viwekwe nilivyoandika hapa. Ya ghali inafaa kwa kompyuta moja ya mwalimu wa video." Akanunua za rahisi, na ya ghali moja. Picha za BIOS zimebandikwa ndani ya mlango wa kabati la chumba kile, na fundi atakayekuja baada yangu atazikuta.